Igiseke cha Bibi Anisia

Gitega, 12 Januari 2014

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na Baba mdogo Leonardi, na Happy na masomo yake. Mimi huku sijambo, ila baridi ya asubuhi ya Gitega haina huruma kwa mtu aliyekulia Ngara. Bado nimepanga kile chumba cha Mushasha nyuma ya kanisa, na kengele ya misa ya kwanza ndiyo inayoniamsha, nitake nisitake.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yako inalala bila chaji wiki nzima, na ukiipokea unapiga kelele kama unamwita mtu ng'ambo ya bonde. Barua inaletwa na Bisimwa, Mkongo wa Kivu ya Kusini anayeuza vitenge soko la hapa na soko la Muyinga. Ni mwaminifu, isipokuwa anaongea sana. Ukimpa chai utamsikiliza mpaka jioni.

Sasa neno lenyewe. Unajua chuo chetu ni kidogo. Mwalimu wa kilimo hajui wa lugha anafanya nini, na wa kemia hasalimiani na wa historia kwa sababu ya ufunguo wa stoo. Mwaka huu mkurugenzi wa utafiti, Bwana Ignasi, amekuja na wazo kwamba idara zote zichunguze kitu kimoja, kila moja kwa njia yake. Walibishana sana. Wa historia walitaka ngoma, wa kilimo wakataka muhogo, na mwisho wakakubaliana maharagwe, kwa sababu hakuna aliyeweza kusema hayamhusu.

Nikajikuta nimenyoosha mkono. Nikasema mama yangu mdogo kule Muyinga ana maharagwe ya bibi yangu, yaliyokimbia mwaka tisini na tatu yakiwa yamefungwa kwenye pindo la kitenge, yakalimwa kambini Lukole, Ngara, kando ya blinde zetu, vile vibanda vya turubai, kisha yakarudi nasi nyumbani. Chumba kizima kikanigeukia. Mama mdogo, mimi pale ni msaidizi tu, mkataba wangu unaisha Desemba, na ile ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniuliza jina langu linaandikwaje.

Naomba kiganja kimoja, kila rangi iwemo. Tunataka kuyatazama kwa karibu.

Mwanao,
Letisia


Muyinga, 3 Februari 2014

Mwanangu Letisia,

Marahaba. Sisi wote hatujambo kabisa. Leonardi anakohoa kidogo, lakini kikohozi chake unakijua, kinakuja akiona jembe. Happy yuko darasa la saba na anajiona mwalimu. Ananisahihisha hata ninavyokunja nguo. Mvua imechelewa ila imekuja. Huyo Bisimwa wako nimempa chai, na kweli aliondoka jua limeshazama.

Kiganja kimoja! Hivi wewe nilikulea mimi au nilikuokota? Unataka watu wa chuo waulize Letisia ametoka kwa watu wa namna gani, wanaotuma maharagwe ya kuficha mfukoni? Mama yangu Anisia angeamka huko Lukole tulikomzika, akaja kunichapa.

Nimekutumia igiseke kizima, kile kikapu kikubwa chenye mfuniko mrefu, na nimekijaza mpaka shingoni. Najua wewe ulikulia kambini, tulikokuwa tunabebea kila kitu kwenye makopo ya mafuta ya msaada, kwa hiyo labda sikukufundisha. Igiseke kikienda kwa watu wa heshima kinakwenda kimejaa. Wanakipokea kwa mikono miwili. Na kikirudi hakirudi kitupu. Hata chumvi, hata kipande cha sabuni, kitu fulani kiwemo. Kikirudi kitupu maana yake tusijuane tena. Waambie wakubwa wako, wasije wakakosea kwa kutojua.

Leonardi alisimama mlangoni akiniangalia nikijaza, akauliza, "Na ya kupanda?" Nikamwambia yapo. Yapo, tumepanda jana, usiwe na wasiwasi.

Yale meusi madogo yenye jicho jeupe nimeyaweka juu kabisa ili uyaone kwanza. Kila mwaka yanazaa machache, na mwaka huu nimekupa karibu yote. Bibi yako aliyaita yake. Alikuwa akisema pale yatakapozaa bila kubembelezwa ndipo tutajua tumefika nyumbani. Tangu turudi yamezaa kila msimu. Waambie na hilo waandike.

Ni mimi mama yako mdogo,
Dorotea


Gitega, 30 Machi 2014

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa kuchelewa. Bisimwa aliugua malaria akalala Karuzi kwa watu wa kanisa lake, na mimi nikawa namngoja kila Ijumaa sokoni kama mchumba wake. Wamenitania vya kutosha.

Natamani ungekuwepo siku ile. Niliingia na igiseke kichwani, nikakiweka mezani mbele ya Bwana Ignasi, nikafunua. Wote wakasimama. Mama mdogo, yale meusi yalikuwa juu yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na chini yake mekundu, ya njano, yenye madoa, meupe, ya kijivu. Damiano, mwalimu wa kilimo, ambaye hacheki na mtu, alitia mkono mpaka kwenye kiwiko akacheka mwenyewe. Arielle wa idara ya lugha aliomba majina yote papo hapo. Nikampa niliyoyakumbuka, mengine naomba uniandikie.

Sasa wananiita kwenye vikao. Nina kiti changu na kimeandikwa jina langu, kwa chaki lakini kimeandikwa. Bwana Ignasi ameniambia kazi hii ikienda vizuri hataniacha Desemba. Maharagwe wameyagawa kwa rangi kwenye chupa za kioo, kila idara imechukua sehemu yake, na mwezi Julai tutatoa matokeo mbele ya wageni kutoka Bujumbura.

Igiseke tumekitundika ukutani ofisini, juu ya kiti cha Bwana Ignasi. Kila anayeingia anakisifu, nami nakurudishia hivi karibuni.

Umesema Baba mdogo anakohoa. Amekwenda zahanati?

Mwanao,
Letisia


Muyinga, 11 Mei 2014

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hatujambo. Leonardi kikohozi kimekwisha. Happy hajambo.

Mvua ya mwezi uliopita ilikuwa na mawe kidogo. Upande wetu wa kilima ndio uliopata zaidi. Lakini tunashukuru, paa limebaki.

Majina haya hapa, mpe huyo Arielle. Ya njano ni Mke wa Askofu, kwa sababu ni mazuri na hayajulikani yalipotoka. Yenye madoa ni Chui. Mekundu ni Damu ya Jogoo. Ya kijivu ni Mvua Inakuja. Meupe yanayoiva haraka ni Mgeni Kafika. Yale meusi hayana jina la kila mtu. Sisi tunaita ya Mama, na nyinyi mliita ya Bibi, na Happy akizaa watayaita wanavyotaka.

Umesema igiseke kiko ukutani. Sijapata kusikia igiseke kinakaa ukutani, lakini chuo ni chuo.

Nilitaka kuuliza kitu kimoja, si cha haraka. Mkishamaliza kuyatazama, yatakayobaki mtayafanyaje? Kama hayana kazi huko, Bisimwa anaweza kuyabeba. Hayana uzito. Ingekuwa vizuri kama yangefika kabla ya mvua za Septemba, ila kama yana kazi yaache.

Mama yako mdogo,
Dorotea


Gitega, 22 Juni 2014

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimejaribu simu yako mara nyingi, haipatikani. Mwambie Happy aipeleke sokoni ichajiwe. Mimi sijambo, ila nimekonda kwa kazi. Sketi yangu ya kijani naifunga kwa pini.

Majina yamewafurahisha sana. Arielle alisoma Mke wa Askofu mbele ya padri mmoja rafiki wa chuo, na padri ndiye aliyecheka kuliko wote. Anaandika makala nzima juu ya majina hayo. Damiano naye amepanda shamba la majaribio Makebuko, kila rangi mstari wake, na sasa wanavuna. Wa lishe wamekamilisha sehemu yao, wa kemia pia. Kila mmoja amemaliza ila mimi, kwa sababu mimi ndiye wa kuunganisha maandishi yao yote yawe kitu kimoja. Idara hizi zinaandika kila moja kama iko peke yake duniani.

Siku ya matokeo ni tarehe 18 Julai. Nimekutumia kitenge, nilimwambia Bisimwa anichagulie kisichochuja. Na sabuni ya Happy.

Nimefurahi kusikia paa limebaki.

Mwanao,
Letisia


Muyinga, 13 Julai 2014

Letisia,

Kitenge nimekipata. Ni kizuri.

Niliuliza swali moja Mei, na barua yako imejibu kila kitu ila hilo. Nikasema mtoto ana kazi nyingi. Nikamuuliza Bisimwa. Nilimuuliza tu kwa mazungumzo, nikimmiminia chai, kama amepata kuyaona maharagwe yetu huko chuoni yalivyopangwa kwenye chupa. Akafurahi kama mtu aliyeulizwa habari za harusi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema:

"Mama, ile maharagi yako? Tulishakula! Batoto ya ile chuo balikuja kwa soko, bakatuita sisi bacuruzi, benye kuuza vitenge, tuonje, bure kabisa. Kila rangi na sahani yake. Bakatupatia karatasi ya kuandika kama iko tamu ao haiko tamu. Mi niliandika yote iko tamu. Ile ya njano nilirudia mara mbili. Mungu akubariki, mama."

Akaomba na sukari zaidi. Sikumwambia kitu, kwa sababu yeye amekosa nini? Alialikwa akala.

Sasa mimi nikuambie yangu, kwa sababu nimechoka kuandika hatujambo. Mvua ya Aprili haikuwa na mawe kidogo. Ilishuka mchana, na ilipoisha shamba lilikuwa kama limekanyagwa na ng'ombe wa mfalme. Hatukuvuna hata kikombe. Tulikuwa tumepanda yale machache yaliyobaki baada ya igiseke chako, kwa hiyo hayapo tena, si ya kula wala ya kupanda. Simu niliiuza Mei. Tunakula viazi vitamu, na vikiisha tunakula majani yake. Happy anakwenda shule na uji usio na kitu ndani.

Ya kununua sokoni yapo, utasema. Yapo, na huenda nikikopa nikapata. Lakini Leonardi sasa haongei habari ya kupanda. Anaongea habari ya Ngara. Anasema kule kuna mtu anamtafuta wa kulima kwa siku. Namwambia kwamba tumerudi, Leonardi, tulisema tumerudi. Ananijibu, "Nilikimbia na mtoto mgongoni, nikarudi na mabati kichwani. Sasa hivi nikienda, nakwenda na miguu yangu tu, hata haichoshi." Kila asubuhi anatazama barabara ya mpakani, ya Kobero. Nikimwambia Mama alisema nyumbani ni pale maharagwe yake yatakapozaa, ananiuliza yako wapi. Nami nilikuwa namjibu, yako Gitega, Letisia anayatazama.

Nilidhani mnayatazama, mwanangu. Nilidhani utafiti ni hivyo, watu wenye elimu wanakaa na kitu, wanakigeuza, wanakiandika, halafu kinarudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyeniambia mnakula.

Igiseke changu nirudishie. Hata kitupu.

Dorotea


Gitega, 27 Julai 2014

Mama mdogo,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia siku tatu baada ya ile siku ya matokeo. Nimeisoma mpaka nimeshindwa kwenda kazini, nikamwambia mwenye nyumba naumwa. Na kweli naumwa.

Kwa nini sikukujibu? Kwa sababu nilijua jibu. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kiti chenye jina langu wakati wanagawana, na sikusema neno. Wakati ule nilidhani ghala lako limejaa. Uliniandikia yapo, nikaamini, kwa vile ilinifaa kuamini. Mei uliposema mvua ilikuwa na mawe kidogo nikaelewa, nakuapia nikaelewa, na bado nikakutumia kitenge.

Nikuambie yote sasa. Wa lishe walipika sehemu yao. Wa kemia walisaga yao. Ya Damiano yaliyopandwa Makebuko yamezaa, si yote vizuri, meupe yaliliwa na kutu ya majani, lakini yapo. Yale meusi hayakupandwa. Damiano alisema ni machache mno, hayajazi mstari, na majaribio yake yanataka mistari iliyo sawa. Akawapa wa kemia yote. Yakawa unga wa kijivu. Walipima wakakuta yana madini ya chuma kuliko mengine yote, wakapongezana. Mimi ndiye niliyeandika hayo kwa mwandiko mzuri.

Siku ya matokeo ukumbi ulijaa. Arielle alisoma majina, watu wakacheka na kupiga makofi kila jina. Picha ya yale meusi ilitokea ukutani, kubwa kama dirisha, na jicho lake jeupe. Bwana Ignasi akaniita nisimame, akasema haya ni maharagwe ya familia yangu. Hapo mama mmoja aliyekuja na wakulima wa Ryansoro akanyanyua mkono. Akasema nimeyapenda hayo meusi, yanapatikana wapi, nipande hata kidogo. Bwana Ignasi akamtazama Damiano, Damiano akamtazama wa kemia, wa kemia akanitazama mimi. Yule mama akangoja. Tulikuwa na majina ya maharagwe, na picha yake, na nguvu zake mwilini, na njia yote yaliyopita toka Muyinga mpaka Ngara na kurudi, na hapakuwa na punje moja ya kumpa. Nikasema, "Hayapo tena, mama." Akasema, "Ah," akakaa. Watu wakapiga makofi tena kwa sababu hawakujua la kufanya.

Mama mdogo, igiseke sikurudishii kitupu. Usiniombe hilo. Nitukane, njoo unichape hapa Mushasha mbele ya watu wa kanisa, lakini hilo siwezi.

Letisia


Gitega, 7 Septemba 2014

Mama mdogo,

Shikamoo. Hujanijibu, nami sistahili kujibiwa. Naandika tu ili igiseke kisifike peke yake bila maneno.

Nilimwendea Bwana Ignasi Agosti, nikamwomba mavuno ya Makebuko. Akasema kwa upole, yeye ni mpole siku zote, kwamba mavuno ni mali ya utafiti, yanakaa stoo mpaka ripoti itakapopitishwa, labda Desemba, labda Februari. Nikamwambia Septemba mvua inanyesha. Akasema anaelewa. Nikaenda tena wiki iliyofuata, akaelewa tena.

Mara ya tatu sikuomba. Niliingia ofisini mwake akiwa anasaini makaratasi, nikavuta kiti, kile changu, nikapanda juu yake, nikakishusha igiseke ukutani mbele ya macho yake. Akauliza nafanya nini. Nikamwambia, "Mkurugenzi, hiki ni cha mama yangu, na kwetu hakirudi kitupu." Nikatoka nacho mpaka stoo. Damiano alikuwepo, na ufunguo alikuwa nao yeye. Nilidhani atanifukuza. Akafungua mlango, akaenda kuvuta sigara nje, na Damiano havuti sigara.

Nimejaza nilichoweza. Bado yako kwenye mifuko ya karatasi, kila rangi na wake, sikuthubutu kuyachanganya kwa mkono wangu. Nimeweka na chumvi. Nimeweka sabuni. Ya Bibi hayamo, na unajua kwa nini.

Mkataba wangu hautaendelea baada ya Desemba. Nimeambiwa kwa upole. Usisikitike, mimi mwenyewe nilipotoka pale na igiseke kichwani nilijisikia mwepesi, kisha nilipofika chumbani nililia.

Bisimwa anakubebea. Amejua yote sasa. Hakusema neno njia nzima kutoka sokoni mpaka kwangu, fikiria, Bisimwa. Kwenye mlango akaniambia, "Dada, mi nilirudia mara mbili," akafuta macho.

Kama Baba mdogo bado yupo, msalimie sana.

Mwanao,
Letisia


Muyinga, 12 Oktoba 2014

Mwanangu Letisia,

Marahaba. Naanza na habari za nyumbani kama zilivyo, na kuanzia leo tutaandikiana hivyo. Happy alikuwa na homa, amepona. Mimi mguu wa kushoto unauma asubuhi. Viazi vimekwisha, tunakula muhogo wa jirani yetu Gaudensia, naye hatukumwomba, alileta mwenyewe.

Leonardi hayupo. Alivuka Kobero Alhamisi moja mwezi uliopita, na igiseke kilifika Jumamosi yake. Siku mbili tu zilimpita. Niliposikia sauti ya Bisimwa njiani nilikaa chini palepale nilipokuwa, nikamkasirikia Mungu, nikakukasirikia wewe, na Bisimwa na baiskeli yake.

Alipokuwa anaondoka sikumwomba abaki. Unanijua, ulimi wangu ni mrefu kwenye mambo madogo, kwenye makubwa unajikunja. Alisimama hapo mlangoni na mfuko wake, akangoja niseme kitu. Nikamwambia tu, kule Ngara, nyuma ya kambi ya zamani, kuna yule Muhangaza, mwenyeji wa kule, aliyekuwa jirani na shamba letu, Mama alimpa mbegu zake mwaka ule mtoto wake alipopona. Ukipita huko, uliza kama bado anazo zile nyeusi. Akaniangalia. Akasema, "Dorotea, mimi natafuta kibarua, wewe unaniagiza maharagwe." Akaondoka.

Kwa hiyo nilikifungua igiseke peke yangu na Happy. Nilikipokea kwa mikono miwili ingawa Bisimwa alikuwa anatazama pembeni kwa aibu. Kilikuwa kimejaa, Letisia. Nilitoa chumvi kwanza, nikailamba. Kisha nikatandika mkeka, nikapasua mifuko yako yote ya karatasi, nikamwaga. Happy akapiga kelele kwamba naharibu kazi ya chuo. Nikamwambia kazi ya chuo imekwisha, hii ni ya kwetu. Tukachanganya kwa mikono, na yaliporudi pamoja, Mke wa Askofu na Chui na Damu ya Jogoo, nikalia, maana yalikuwa karibu yafanane na yake. Karibu tu.

Tumepanda. Gaudensia alikuja na jembe lake, na Bisimwa naye, usicheke, alivua viatu vyake vya sokoni akachimba mstari uliopinda kama mkia wa mbwa. Nimeuacha hivyo hivyo. Kipande karibu na jiko, ambapo yale meusi yalikuwa yakizaa, nimekilima na sikupanda kitu. Mvua imeanza, magugu yameanza pia, na watu wananiuliza kwa nini ardhi nzuri inalala. Nawajibu hailali.

Suala la mkataba wako limeniuma. Ulikuwa umekipenda kile kiti. Mimi nilikujazia igiseke kwa kutaka sifa, na wewe ukakaa kimya kwa kutaka kiti, tumetoka tumbo moja la Anisia, hatuwezi kukataana. Desemba njoo nyumbani. Palizi itakuwa imefika na jembe lako lipo. Kama bado unataka kuandika, hapa kuna mambo mengi ya kuandika, na hakuna atakayeyasaga.

Nilikuwa nimeifunga barua hii. Nimeifungua tena kwa sababu leo mchana alipita Uthmani, yule kijana wa malori ya Kobero, akasema ana ujumbe wangu kutoka Ngara. Nikajua ni Leonardi, nikajua ni kuniambia amepata kibarua na hatarudi. Nikajifuta mikono kabisa ili nisikie vizuri.

Uthmani akasema, "Mzee anauliza: ile nyeusi unayotaka ni yenye jicho jeupe, au ile yenye mstari? Kwa yule Muhangaza zipo zote mbili, na hataki kukuletea ambayo siyo."

Nimemwambia ampelekee jibu leo leo. Yenye jicho.

Mama yako,
Dorotea